Zamu ya Chiriku

"Afande, kama mimi ni mwizi, basi ni mwizi wa kwanza duniani anayetunza takataka," alisema mfamasia, akaupindua mfuko juu ya meza.

Yakamwagika maganda ya vidonge, zile karatasi ngumu za fedha zenye vijishimo ambamo kidonge hukaa. Yote yalikuwa matupu. Yalichakarika kama majani makavu, mengine yakateleza mpaka sakafuni. Mfamasia akainama kuyaokota, na kola yake ilikuwa imelowa jasho ingawa asubuhi ilikuwa bado na baridi.

Inspekta alivuta kiti akakaa. Kituoni wenzake walimpa jina la Mama Ngoja, kwa sababu mtu akitaka kumtia mshukiwa pingu yeye husema ngoja kwanza, na mtu akitaka kumwachia vilevile husema ngoja kwanza. Mkuu wake alishamwambia kwamba siku yake ya kufa mtoa roho atasimama mlangoni mpaka miguu ivimbe.

Kesi yenyewe ilikuwa na siku sita. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, mgonjwa wa saratani ya mapafu, alikuwa anapewa bure na hospitali hii kidonge kimoja kwa siku. Kilimwinua kitandani, akawa anatembea, anafua, anagombana na majirani kama zamani. Halafu polepole ugonjwa ukarudi. Damu yake ilipopimwa ikakutwa na nusu tu ya dawa iliyotakiwa kuwamo. Hospitali ikawaita polisi haraka, maana kama vidonge ni bandia, wagonjwa wengine kumi na wanane walikuwa wanameza unga wa bure. Lakini jana jioni maabara ya serikali ilijibu: vidonge ni halali, havina kasoro.

Basi dawa ilikuwa nzima ndani ya pakiti, na nusu ndani ya damu. Katikati hapo palikuwa na mwizi, au palikuwa na kitu kingine. Na leo hii, saa nane mchana, kamati ya hospitali ilikuwa inakaa kuamua kama Mwalimu aendelee kupewa dawa au atolewe.

"Majirani wanasema unauza vitu mlango wa nyuma," Inspekta alianza.

"Nauza sabuni ya maji. Mke wangu anatengeneza. Ukitaka nikuletee chupa moja, unuse."

"Nimeshanusa. Kuna mwenzangu alinunua juzi." Alichukua ganda moja akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa niambie, kwa nini unatunza haya?"

"Ni utaratibu. Mgonjwa hapati pakiti jipya mpaka arudishe maganda matupu ya mwezi uliopita. Vijana wa hapa wananiita Mzee Leta Ganda. Tukishapokea tunaandika namba ya mgonjwa na mwezi, halafu tunachoma. Ila tanuri limeharibika mwaka wa pili huu."

"Basi tanuri limekusaidia. Nitolee ya Mwalimu yote."

Walichambua pamoja, kama watu wanaochambua mchele. Pakiti moja lilikuwa na maganda matatu ya vidonge kumi kumi, na Mwalimu alikuwa amemaliza mapakiti kumi na manne. Maganda arobaini na mawili yakapangwa mezani safu kwa safu, la kwanza juu, la mwisho chini. Inspekta alivaa miwani. Akayapitia kwa ncha ya kalamu, tundu baada ya tundu, mpaka mfamasia akaanza kupiga miayo ya woga.

"Njoo uone. Mapakiti manne ya kwanza. Kila tundu limebonyezwa kwa kidole gumba, karatasi imepasukia nje. Sawa?"

"Sawa."

"La tano. Kidonge cha kwanza, kidole. Cha pili je?"

Mfamasia akainama. "Hiki kimekatwa. Mkasi."

"Cha tatu?"

"Kidole."

"Cha nne?"

"Mkasi." Akanyanyua uso. "Kidole, mkasi, kidole, mkasi. Mpaka mwisho."

"Mkato wa mshazari, umeanzia kushoto, umeacha kimkia. Kila mara hivyohivyo. Nani hapa hospitali anafungua kidonge kwa mkasi?"

"Wale waliotundikiwa dripu za saratani. Vidole vyao hufa ganzi, hawawezi kubonyeza. Lakini Mwalimu hajawahi kutundikiwa dripu. Yeye tangu mwanzo ni kidonge tu."

"Aliyetundikiwa unamjua?"

Mfamasia alikaa chini. "Mdogo wake. Alikuwa na saratani ya titi. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika. Akimsindikiza dada yake hapa dirishani, hata jenereta husikii. Aliwahi kuniambia nina sura ya mtu anayeficha mgonjwa uvunguni."

"Yuko wapi sasa?"

"Si tumemzika? Ana miezi minne kaburini. Nakumbuka, maana siku mbili baada ya mazishi Mwalimu alikuja na kanga nyeusi kuchukua pakiti la kumi na moja."

Kalamu ya Inspekta ilisogea chini polepole, ikapita safu ya kumi, ikasimama kwenye ya kumi na moja. Kidole, mkasi. Kidole, mkasi. Akashuka kwenye ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya kumi na nne. Mkato uleule wa mshazari, kimkia kilekile.

Mfamasia alisukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Afande," alisema, "huyu mwenye mkasi alikuwa kaburini."

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta, lakini safari hii alilisema taratibu. Akakusanya maganda kwenye bahasha, akaandika tarehe, akatoka.

Daktari alikuwa anakunywa chai amesimama, kwa sababu viti vyote viwili vya ofisi yake vilikuwa na mafaili. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyelala saa tatu.

"Nieleze dawa hii kama unavyomweleza mgonjwa," Inspekta alisema. "Sayansi mimi niliiacha darasani ikiwa nzima."

"Mwalimu naye aliniambia hivyohivyo, halafu akanihoji mpaka nikatafuta leso." Aliweka kikombe juu ya faili. "Kila chembe ya mwili ina maagizo ndani yake. Tunayaita jeni. Kuna agizo la kuiambia chembe ijigawe, na kuna la kuiambia inatosha. Kwenye uvimbe wa Mwalimu hilo agizo la kujigawa limeharibika. Chukulia kengele ya shule iliyokwama. Inalia tu, na kila ikilia watoto wanamwagika uwanjani. Zile dripu za kawaida ni kama kucharaza shule nzima, mwenye kosa na asiye na kosa. Kidonge hiki kinaifuata kengele yenyewe, kinaishika isilie. Tunaiita tiba lengwa."

"Kinaishika muda gani?"

"Siku moja, kwa nguvu zake zote. Kesho mkono unaanza kulegea, unahitaji mwingine."

"Akikosa siku?"

"Siku moja si neno. Akikosa siku moja katika kila mbili, kengele inarudi kugongagonga, na chembe zinapata mwanya." Alimtazama. "Mbona umeuliza hivyo hasa?"

"Sijauliza, umeeleza mwenyewe. Mtu mwenye saratani nyingine akimeza hiki kidonge?"

"Kama kengele yake haikukwama mahali pale, kidonge kinashika hewa. Atapata vipele na tumbo la kuendesha, basi. Ndiyo maana hatumpi mtu kabla ya kupima kipande cha uvimbe wake."

"Hata kama ni ndugu wa tumbo moja?"

"Hata wangezaliwa siku moja. Kosa hili la Mwalimu hakurithi kwa mama yake. Limezaliwa hukohuko ndani ya uvimbe."

Inspekta aliandika. Kisha akauliza kuhusu kamati.

"Uvimbe umekua huku tunampa dawa," Daktari alisema. "Kwenye karatasi, hiyo maana yake dawa imeshindwa, chembe zimepata njia ya uani. Hutokea sana, na ikitokea inabidi dawa nyingine, ambayo sisi hatuna. Watamtoa, nafasi apewe anayefuata. Lakini kama hakuwa anaimeza ipasavyo, dawa haijashindwa, na mimi nitapigana abaki. Ila niletee kitu cha kushika mkononi. Hadithi kamati haili."

"Na kama alikuwa anamgawia mtu?"

Daktari alifunga mlango kwanza.

"Alisaini. Dawa ni ya mgonjwa mmoja, akigawa anatolewa siku hiyohiyo. Sharti la wanaoitoa, si langu."

"Akitolewa?"

"Miezi mitatu. Yeye ni mbishi, tuseme minne."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa mtaa wa nyuma, mlango wa bluu, na sebule yake ilikuwa karakana. Mume wake alikuwa fundi saa. Saa za ukutani zilijaa kuta tatu, na zote zilikuwa zinasema saa nne kasoro dakika kumi na nane. Mzee mwenyewe alikuwa ameinamia mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Kutoka uani ilisikika sauti ya mtu anayekung'uta nguo na kuzianika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta saa, weka. Kama umekuja na pingu, ngoja niirudishe hii springi, ikinitoka siioni tena."

"Nimekuja na maswali."

"Hayo ndiyo mabaya zaidi."

Inspekta alitoa ganda moja, akaliweka kwenye kitambaa chake cha kazi. "Mkeo anafungua dawa kwa kidole. Kuna mtu mwingine katika nyumba hii anaifungua kwa mkasi. Mko wangapi humu?"

Mzee alikitoa kile kioo jichoni. Alilitazama ganda, asiliguse.

"Wawili. Mimi na yeye."

"Na mkasi unao?"

"Mkasi ninao, kibano ninacho, bisibisi ninazo kumi na moja. Ukiona ni mimi, nifunge. Lakini jua unamfunga anayemtilia maji ya kuoga." Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyesubiri mgeni huyu siku nyingi. "Niambie kwanza, wewe unaamini wafu?"

"Naamini vielelezo."

"Basi na hiki ni kielelezo." Alivuta droo, akatoa kalenda ya mwaka huu iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Kulikuwa na nukta za penseli, miezi minne mfululizo. "Saa nne kamili Mwalimu anakwenda kumeza dawa yake. Anaingia chumba cha uani, cha marehemu shemeji, anafunga. Ufunguo anatembea nao. Siku moja kimya. Siku ya pili nasikia maongezi. Siku ya tatu kimya, ya nne maongezi. Nilidhani mimi ndiye nimepoteza majira, nikaanza kuandika."

"Maongezi ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Ya pili ni sauti ya nani?"

"Mwanangu, mimi nimekaa na shemeji yangu miaka kumi na tisa. Aliongea akila, aliongea akioga, usingizini ndiyo usiseme. Hiyo sauti naijua kama ninavyojua mlio wa saa mbovu." Aliisukuma kalenda mbele ya Inspekta. "Mlango sijagusa. Na hata ningekuwa na ufunguo nisingeugusa."

Inspekta aliweka maganda ya mwezi wa mwisho kando ya kalenda, akahesabu kuanzia siku pakiti lilipochukuliwa. Tundu la kidole, hakuna nukta. Tundu la mkasi, nukta. Mpaka tarehe ya mwisho havikupishana hata mara moja.

"Jana?"

"Kimya."

"Na leo?"

Fundi alizitazama saa zake ukutani, na kama vile alizituma, zote zikaanza kugonga nne. Zilipomaliza, nguo zilikuwa hazikung'utwi tena huko uani. Ndala zikapita kwenye ukumbi. Ufunguo ukageuka.

Inspekta alivua viatu. Akaenda kwa miguu mitupu mpaka kwenye mlango wa mwisho, na Fundi nyuma yake hatua nne, hataki kufika.

"Dada, umechelewa," ilisema sauti ndani. Nyembamba, ya haraka, ya mtu anayesema huku anacheka.

"Sijachelewa. Saa za shemeji yako ndiyo kwanza zimegonga." Hii ilikuwa nzito, ya mtu mwenye kifua kibovu.

"Saa za shemeji! Hizo zinagonga akitaka yeye. Haya, leo zamu ya nani?"

"Yako, mdogo wangu."

"Basi nipe, unaning'ang'ania nini?"

Ukasikika mkasi. Inspekta akabisha mara mbili, akafungua. Safari hii mlango haukuwa umefungwa kwa ndani.

Mlikuwa na mtu mmoja. Mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda kilichotandikwa vizuri, mkasi mkono mmoja, kidonge kimoja kwenye kiganja cha mwingine. Chini palikuwa na kandambili za kike, zimepangwa zikitazama mlango. Juu ya stuli kulikuwa na bilauri ya maji, sahani ndogo, na chupa pana ya asali isiyo na asali.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwalimu. "Kaa tu kitandani. Ila usikae upande ule."

Inspekta alikaa upande huu. Akajitambulisha, cheo na kituo, kama sheria inavyotaka. Mwalimu alisikiliza kama anayesikiliza mtoto akisoma kwa sauti.

"Hiyo sauti ya pili ni yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Naitoa mimi. Mwanzoni nilikuwa najua kabisa kwamba naitoa mimi."

"Na sasa?"

"Sasa inanitangulia."

Mlangoni Fundi alishika kizingiti.

Inspekta alitandika leso kwenye godoro, akamimina chupa. Vidonge vikatoka, vizima, vya rangi moja, vingine vimeanza kupauka. Akahesabu vitano vitano, akiandika.

"Sitini na tatu."

"Sitini na nne," alisema Mwalimu. "Kimoja kimejificha kwenye mkunjo. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, usinipunje."

Kilikuwepo kwenye mkunjo. Mapakiti manne, vidonge kumi na vitano kila moja, na vinne vya pakiti hili jipya. Hesabu ilikaa sawasawa.

"Hivi vya baada ya msiba," Inspekta alisema. "Vya kabla yake alivimeza nani?"

"Unajua alivimeza nani. Vinginevyo usingekuwa umekaa hapo." Mwalimu alipumua, akasubiri kifua kitulie. "Sisi tulikwenda shule na jozi moja ya viatu. Baba aliweza jozi moja tu. Leo navaa mimi naenda, yeye anabaki nyumbani. Kesho anavaa yeye. Jioni anayetoka shule anamfundisha aliyebaki. Ndivyo nilivyopata ualimu. Hakuna siku hata moja niliyovaa siku yake, na yeye hakuwahi kuvaa yangu. Hata siku ya mtihani, afande. Mtihani uliangukia siku yake, mimi nikabaki."

"Daktari alikueleza kwamba kidonge hakimfai?"

"Alinieleza, akanichorea na kengele. Nilielewa vizuri sana. Lakini wewe umeamka kitandani, umepata pumzi, unafua nguo zako unaimba. Na mdogo wako kalala chumba hiki anakusikia unavyofua. Utamwendea umwambie nini? Kwamba kengele yake haikukwama mahali pazuri?" Alitikisa kichwa. "Nikamwambia, leo yangu, kesho yako."

"Alipata nafuu?"

"Alipata vipele. Usoni, kifuani, kote. Akafurahi! Akanionyesha, akasema, dada, umeona, inafanya kazi."

Inspekta alifunika kalamu.

"Alipozikwa," Inspekta alisema, "dawa ikabaki yako peke yako. Kwa nini hukumeza?"

"Siku ya kwanza ilikuwa yangu, nikameza. Ya pili ilikuwa yake. Nikasema, sasa ni yangu pia, nikaitia mdomoni. Nikamsikia nyuma yangu, pale, anasema: dada, mara hii?" Mwalimu alionyesha upande ule wa kitanda. "Nikaitema. Tangu hapo namkatia, namwekea, anaongea kidogo, naiweka kwenye chupa. Nikiimeza siku yake, ndiyo nimekubali kwamba hata zile za miezi sita zilikuwa zangu. Kwamba nilimlisha kisichomfaa, na kumbe nilikuwa nakula siku zangu mwenyewe."

"Unajua kamati inakaa leo?"

"Najua. Nikisema sikumeza, wataniuliza nani alimeza, watanitoa. Nisiposema, dawa imeshindwa, watanitoa. Nimeipiga hesabu hiyo kila upande. Haina jibu."

Inspekta alivipanga vidonge upya kwenye leso, akavipiga picha pamoja na maganda. Kisha akampigia Daktari, simu akaiweka sauti ya nje, juu ya stuli.

"Nina vidonge sitini na vinne mkononi," alisema. "Mgonjwa amekuwa akiruka siku moja katika kila mbili kwa miezi minne. Maganda yanathibitisha, na kuna kalenda ya mume yenye tarehe. Dawa yako haijashindwa. Haijamezwa."

Upande wa pili kiti kilisogezwa. "Sitini na vinne? Vizima?"

"Vizima."

"Hiyo inatosha. Hiyo nitaisimamisha mezani mbele yao." Akashusha sauti. "Inspekta. Alimpa mtu?"

"Katika miezi minne hii hakuna binadamu aliye hai aliyemeza dawa yake hata moja. Hilo naliandika na ninasaini."

"Sikukuuliza kuhusu miezi minne peke yake."

"Kabla ya hapo kuna mtu mmoja ningetaka kumhoji. Nimechelewa, alishazikwa. Na mimi siandiki ushahidi wa mtu nisiyeweza kumhoji."

Upande wa pili Daktari aligongagonga kalamu mezani.

"Sawa," alisema hatimaye. "Sitaahidi kwamba tumewahi. Chembe zake zimepata mwanya miezi mingi, huenda nyingine zimeshaponyoka. Tutampima damu baada ya wiki tatu, tutajua. Lakini kuanzia leo ni kila siku, kimoja, asithubutu kufidia kwa viwili. Cha leo ameshameza?"

Inspekta alikitazama kidonge kwenye kiganja cha Mwalimu.

"Bado."

"Ameze mbele yako. Niandikie saa. Bila hilo kamati itasema ni maneno." Simu ikakatika.

Mwalimu alikuwa amefumba kiganja.

"Leo ni siku yake," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Hata mtihani sikuufanya siku yake."

"Najua. Leo utaufanya."

Fundi alivuka kizingiti. Aliingia chumba ambacho hakuwa ameingia tangu walipotoa maiti, akapita kwa uangalifu zile kandambili asizikanyage, akachukua bilauri kwenye stuli. Alimshikia mkewe maji kama anavyomshikia mtu aliyetoka safari ndefu.

Mwalimu alikitazama kidonge. Akakitia mdomoni, akakinywea maji, na koo lake likapanda likashuka. Kisha akageuza shingo kidogo kuelekea upande ule wa kitanda, sikio limetangulia, akasubiri.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwalimu alisubiri zaidi. Akasubiri mpaka macho yakaanza kumjaa.

"Hasemi kitu," alisema. "Mume wangu, hasemi kitu kabisa. Sasa ndiyo amekufa."

Akalia, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, kifua kibovu na vyote, na mzee akamshika asianguke.

Inspekta akatazama saa yake, akaandika muda.